Tatu za Pasi

Wifi yangu hapendi kuambiwa jambo mara mbili. Simu nayo haijui kusema jambo mara moja. Mimi nilikaa katikati yao siku nzima na nikatoka salama, kwa hiyo nina haki ya kusimulia.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Nilipoolewa kwao nilikuwa na madarasa matatu kichwani na mikono iliyojua jembe tu. Yeye ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani. "Kanyaga," akasema. Nikakanyaga, uzi ukakatika. Akaunga, nikakanyaga, ukakatika tena. Akapiga kelele kuelekea uani, "Kaka! Umetuletea konokono!" Basi hilo likawa jina langu. Leo nina wajukuu saba, nimeshona magauni ya harusi ambayo walioyavaa nao wameshaozesha mabinti zao, na bado wateja wakija wananisikia nikiitwa Konokono. Siku hizi naitika bila hata kugeuka.

Chumba chetu cha kazi ni kimoja, kinatazama barabara. Kina cherehani mbili za miguu na meza moja ndefu ya kukatia, na ukutani kuna misumari tuliyotundikia mitindo, zile karatasi za kufuatishia wakati wa kukata, tuliyoitoa kwenye magazeti ya zamani. Ng'ambo ya barabara anakaa fundi viatu, ambaye mdomo wake una kazi nyingi kuliko nyundo yake. Nyuma ya fundi viatu ni ukuta wa shule. Kengele ikigongwa kule, sisi huku hatuna haja ya saa.

Shule hiyo ndiyo roho ya chumba chetu. Kila mwaka watoto wa darasa la kwanza hushonewa sare na wifi. Amewashonea wazazi, sasa anawashonea watoto wao. Kazi nyingine ni za kuja na kuondoka: zipu imekwama, pindo limeachia, mtu amenenepa. Ila sare ndizo zinazotufanya tufungue mlango asubuhi. Wifi mwenyewe husema, "Siku watoto hawa watakaposhonewa na mtu mwingine, uza cherehani yangu, uninunulie kiti cha kusubiria kifo." Husema kwa mzaha. Mwaka huu mzaha ulikaribia kutugeuka.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama," akamwambia wifi, "mwaka huu vitambaa vinatoka ofisini. Na ofisi inataka vipimo vya kila mtoto kwenye simu. Kuna fomu. Mwisho ni kesho saa kumi alasiri. Ikifungwa imefungwa. Watoto wote wataletewa sare za kiwandani, na mimi sitakuwa na la kufanya."

"Za kiwandani? Zile zinazopasuka makalioni mtoto akiinama kuokota chaki?"

"Hizo hizo."

"Vipimo ninavyo." Wifi akagonga daftari lake. "Watoto thelathini na sita. Nimewapima wiki iliyopita kwa mkono wangu. Chukua daftari uwapelekee."

"Hawataki daftari, mama. Wanataka simu."

Wakanigeukia mimi wote wawili. Nikajua safari imeanza.

Mimi nina simu ya kioo. Mjukuu wangu wa kwanza aliniachia alipokwenda chuo cha uuguzi. Naye alinifundisha kuitumia, ikiwa kufundisha ndiko kule. "Bibi, nimeshakwambia! Bibi, siyo hapo! Aa, Bibi, lete nifanye mwenyewe!" Kila aliponichukulia simu mkononi nilijifunza jambo moja tu, kwamba vidole vyake vina mbio. Mengine nilijifunza peke yangu alipoondoka, kwa mwendo wangu wa konokono. Nikajiapia kwamba mimi, nikija kumfundisha mtu, sitamnyang'anya simu mkononi, hata dunia ikiungua.

Kiapo hicho kilinitesa kesho yake.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumekwisha kufagia. Tukakaa mezani bega kwa bega, daftari kushoto, simu kulia. Wifi alikuwa kamili kwa kazi: miwani yenye uzi mweusi, futi shingoni, ule utepe wake wa kupimia ambao ncha yake iliungua zamani, na subana kidoleni. Subana ni kile kikofia cha bati kinachozuia sindano isikutoboe. Wifi haivui. Nadhani analala nayo.

"Wifi, nisomee tu," nikamwambia, "mimi niandike."

"Ili mwakani nije nikubembeleze tena? Nifundishe. Mimi nilikushonea au nilikufundisha?"

"Ulinifundisha."

"Haya."

Nikamsogezea simu. "Gusa hapo palipoandikwa Anza."

Akagusa. Kimya. Akagusa tena, ko, ko, ko, kama anayebisha hodi kwa mdaiwa.

"Simu yako kiziwi."

"Gusa polepole, wifi."

Akagusa polepole. Kimya. Akagusa kwa nguvu, ko! "Kiziwi, tena jeuri."

Nikaichukua nikaikagua. Nikaifuta kioo. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoka nayo mlangoni kutafuta mtandao, nikarudi. Nikigusa mimi inaitika, akigusa yeye inanuna. Zilikwenda dakika ishirini hivyo hivyo. Fundi viatu akapaza sauti toka ng'ambo:

"Inamjua mwenyewe! Kama mbwa!"

"Wewe gonga soli zako!" wifi akamjibu. "Viatu ulivyomtengenezea padri vinaongea njia nzima!"

Akarudi kugonga kioo. Ko, ko. Ndipo masikio yangu yakaniambia kitu ambacho macho hayakukiona. Kidole cha mtu hakilii ko.

"Wifi, vua subana."

"Nivue nini?"

"Subana. Simu inataka nyama ya kidole, haitaki bati."

Alinitazama kama niliyemwambia avue gauni barabarani. Kisha akaivua, taratibu, akaiweka juu ya daftari. Kidole kilichotoka humo kilikuwa kimekunjamana kama kilichoshinda kwenye maji ya kufulia. Akagusa kwa woga. Fomu ikafunguka.

"Eh!" Akarudisha mkono kwa haraka. "Imeniona."

Tukacheka, na mimi nikadhani shida imekwisha.

Fomu ilitaka kwanza jina la fundi na namba ya simu ya fundi. Tukaweka namba ya wifi, ya kile kisimu chake cha vitufe. Halafu watoto, mmoja mmoja: jina, umri, shingo, kifua, kiuno, urefu. Nikamwonyesha jinsi ya kupandisha ukurasa kwa kidole. Alipoupandisha, akageuza simu akatazama nyuma yake.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Yale maandishi yaliyokuwa juu. Yamekwenda wapi?"

"Hayajakwenda popote. Yamejificha tu. Ukirudisha chini yatarudi."

"Kitu cha kujificha hakifai kuandikia," akasema, lakini akaendelea.

Wa kwanza daftarini alikuwa msichana mmoja mwenye mapengo mawili mbele, miaka sita. Wifi akasoma, akaandika kwa kidole chake kilichokuwa uchi: shingo, kumi na nne. Chini yake yakatokea maandishi mekundu, madogo kama mayai ya sisimizi. Fomu ikagoma kuendelea.

"Inasema nini?" wifi akauliza. Macho yake hayafiki kwenye herufi ndogo hata kwa miwani mbili.

Hapa nakiri kosa langu. Mimi nasoma, lakini nasoma kwa kuunganisha, herufi na herufi, midomo ikicheza. Nikiwa peke yangu sina shida. Mbele ya wifi, ambaye amemaliza darasa la saba na kila mtu anajua, naona haya. Kwa hiyo nikiona mekundu huwa siyasomi. Narudi nyuma najaribu tena.

"Haitaki tu," nikasema. "Tujaribu tena."

Tukajaribu tena. Mekundu. Tukajaribu mtoto wa pili. Mekundu. Wa tatu, mekundu. Nikabadilisha mahali pa kukaa. Nikaweka simu kwenye chaji. Nikaiombea. Kengele ya mapumziko ikagongwa shuleni, watoto wakapiga kelele, na sisi hatukuwa na mtoto hata mmoja ndani ya simu.

Mchana akaja mteja na suruali ya kupunguza, nikainuka kumpima. Nilikaa naye kama nusu saa. Niliporudi mezani wifi alikuwa anang'aa uso mzima.

"Konokono! Njoo uone. Nimewaingiza wanane."

"Wanane? Peke yako?"

"Peke yangu. Nimekwambia mimi si wa kushindwa na kibati."

Nilifurahi kweli, nikamshika bega. Kisha nikatazama. Wote wanane, kuanzia yule mwenye mapengo, walikuwa na miaka kumi na minne.

"Wifi, hawa wana miaka sita."

"Najua."

"Hapa umeandika kumi na minne."

"Nilikuwa najaribu jaribu. Nikiweka sita inanuna, nikiweka saba inanuna, nikafika kumi na nne ikatulia. Basi nimewapa wote. Simu haiwajui hawa watoto."

"Na ofisini wakiona darasa la kwanza lina watu wa kuota ndevu?"

"Watasema shule ilichelewa kufunguliwa."

Nilitaka kucheka, lakini sikuweza. "Wifi, itabidi tuwafute."

Akanisogezea simu. Nikawafuta mmoja baada ya mwingine, na kila nilipogusa nilimwona akikunja uso kama namfumulia mshono. Alipotoka wa nane, akavua miwani, akasimama. Akaenda ukutani, akaanza kushusha mitindo ya sare kutoka kwenye msumari wake: kola, mkono, mgongo. Akaikunja.

"Unafanya nini?"

"Waache walete za kiwandani."

"Wifi."

"Nimesema waache. Nimepima nusu ya mji huu. Najua mtu ana kibyongo kabla mama yake hajajua. Leo nafanywa mjinga na kitu kisicho na hata macho." Sauti yake ilikuwa ya chini, na wifi hana sauti ya chini. "Chukua ile kazi ya suruali, ukamalize."

Sikuchukua suruali. Nilikaa nikamtazama anavyokunja karatasi zile zilizokwisha kulainika kama vitambaa. Nikakumbuka mwaka ule wa kwanza. Kola moja niliifumua mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilifunga kanga zangu nirudi kwetu. Wifi alinikuta mlangoni, akanitukana mpaka majirani wakatoka, halafu akaniwekea kola ile ile mkononi. Alinitukana kila siku ya Mungu, lakini hata siku moja hakuninyang'anya kitambaa akashona mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kile kiapo changu nilikipata wapi. Hakikutoka kwa mjukuu.

Nikampigia mjukuu. Saa nane ilikuwa imepita.

"Bibi, naingia darasani, nina dakika mbili. Kuna nini?"

"Fomu inatoa mekundu."

"Yanasema nini hayo mekundu?"

"Madogo mno."

"Yakuze, Bibi! Si nilikufundisha?"

"Ulifanya mwenyewe, mjukuu wangu. Mimi nilitazama tu."

Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Samahani, Bibi. Haya. Weka vidole viwili juu ya kioo, vimebanana. Sasa vitanue. Kama mtu anayenyoosha kitambaa mezani."

Nikanyoosha. Herufi zikavimba, zikawa kubwa kama za ubaoni.

"Umeona? Sasa nisomee."

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu, mitindo kifuani. Ningeweza kutoka nje nikasomee huko. Nikaona hapana, bora aibu kuliko sare za kiwandani.

"Ki," nikaanza. "Ki-pi-mo. Ki-me. Ki-me-zi-di. U. U-mri." Midomo yangu ilicheza yote. "Kipimo kimezidi umri."

"Ndiyo hiyo, Bibi. Shingo umeandika ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne mtoto wa miaka sita? Hiyo shingo ya askari. Mnashonea ndama? Bibi, naingia, nitakupigia." Akakata.

Nilingoja wifi anicheke kwa kusoma kwangu. Hakucheka. Alikuwa amechukia kwa jambo lingine.

"Kimezidi?" akasema. "Kipimo changu kimezidi? Nimempima mwenyewe, alikuwa anacheka kwa kutekenywa, nikampima mara mbili!" Akavuta futi shingoni, akaipiga mezani, pa! "Kumi na nne ni kumi na nne!"

Futi ilianguka ikijinyoosha, na ile ncha yake iliyoungua ikanitazama mimi.

Hapa nieleze, kwa kuwa nje ya chumba chetu hakuna anayejua. Mwaka ambao wifi alijifungua mwanawe wa mwisho, pasi ya mkaa iliangukia futi hiyo, ikala inchi tatu za mwanzo. Futi ilikuwa ya mama mkwe, haitupwi. Kwa hiyo tangu siku hiyo inaanzia kwenye tatu. Wifi hupima, huandika namba kama anavyoiona, na wakati wa kukata hupunguza tatu. Tunaziita tatu za pasi. Miaka thelathini macho yetu yanaona kumi na nne na mkasi unakata kumi na moja, wala hakuna anayefikiri. Ni kama kuvua kiatu mlangoni.

"Wifi," nikasema. "Tatu za pasi."

"Tatu za pasi zimefanya nini?"

"Simu haizijui."

Alinitazama. Akatazama futi. Akatazama daftari. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, na wifi akaanguka kwenye kigoda akicheka mpaka miwani ikamtoka. Mimi nami nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka fundi viatu akavuka barabara, nyundo mkononi.

"Amekufa nani?"

"Ondoka!" wifi akasema, anajifuta machozi. "Konokono, saa ngapi?"

"Karibu saa nane na nusu."

"Watoto thelathini na sita mara vipimo vinne." Akarudisha miwani. "Mambo ya kufundishana tutafundishana kesho. Leo wewe andika. Mimi nitasoma na kutoa."

"Soma kila namba, toa tatu, uniambie iliyobaki," nikasema. "Kila namba. Usiache hata moja."

Nataka mkumbuke kwamba maneno hayo niliyasema mimi.

Sijawahi kuona kitu kama saa ile moja. Wifi, ambaye asubuhi alikuwa anagonga kioo kama mlango, alisimama na daftari mbele yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na namba zikamtoka kama mashine inakimbia mshono ulionyooka. "Kumi na moja. Ishirini na nne. Ishirini na mbili. Ishirini na sita. Mwingine!" Hakusita hata kwa mmoja. Mimi ndiye niliyehema; umri niliujaza mwenyewe, wote wa miaka sita. Hakukutokea jekundu hata moja; kwa mtoto mmoja wa kiume tu, kiuno, yalitokea maandishi ya manjano yaliyouliza kama tuna hakika. Wifi akasema bila kuinua macho, "Huyo ni mnene kweli, bonyeza endelea." Nikabonyeza, ikakubali.

Mtoto wa thelathini na sita aliingia saa kumi kasoro dakika kumi na tatu. Nikabonyeza Tuma. Fomu ikasema jambo jipya. Safari hii nilisoma kwa sauti bila kuona haya, midomo ikicheza itakavyo: ime-tu-ma na-mba ya si-ri kwe-nye si-mu ya fu-ndi.

"Simu yako iko wapi, wifi?"

"Ipo kwenye kopo la vifungo."

"Inalia?"

"Italiaje? Nimeizima. Inapumzika."

"Inapumzika!"

"Kwani wewe hulali?"

Akamwaga kopo mezani. Vifungo vikatawanyika, vikaviringika mpaka chini ya cherehani, na katikati yao kisimu chake, kimefungwa kwenye kipande cha flana kama mtoto mchanga. Akakiwasha. Kikaimba wimbo wake wote wa kuamka, hakikuruka hata ubeti. Dakika kumi zimebaki. Ujumbe ukaingia. Herufi za kisimu kile ni kubwa, wifi anaziona.

"Soma, wifi. Namba sita."

Akasoma mbili mbili, kama alivyozoea. "Arobaini na nne. Ishirini na tano. Thelathini na mbili."

Nikaandika. Mekundu: namba si sahihi. Umebakiza nafasi mbili.

"Soma tena, taratibu."

"Arobaini na nne. Ishirini na tano. Thelathini na mbili."

Mekundu. Nafasi moja.

Zilibaki dakika saba. Wifi akasema, "Nimesoma sawasawa!" Mimi nikahisi ulimi wangu unaandaa yale maneno ya mjukuu: lete nifanye mwenyewe. Nikayameza.

"Wifi, tusome pamoja. Nionyeshe kwa kidole."

Akaweka kidole kwenye kioo cha kisimu chake. Nikainama. Ilikuwa imeandikwa 472835.

"Hii ni ngapi?"

"Arobaini na saba."

"Mbona umeniambia arobaini na nne?"

"Si nimetoa tatu?"

Tulitazamana.

"Uliniambia kila namba," akasema. "Ukasema nisiache hata moja."

Alikuwa na haki. "Hii usitoe, wifi. Hii haikupimwa na futi."

Nikamwachia simu mkononi. Aliandika mwenyewe, kidole kimoja, ulimi nje kama anatunga uzi kwenye sindano: nne, saba, mbili, nane, tatu, tano. Akasita. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akagusa.

Kiduara kikazunguka kiooni, kikazunguka, kioo kikawa kijani. Sikuhitaji kuunganisha herufi, kwa kuwa wifi aliyakuza maandishi mwenyewe kwa vidole viwili, kama mtu anayenyoosha kitambaa, akasoma kwa sauti ya darasa la saba: "Vipimo vimepokelewa."

Akainuka, akachukua ile mitindo, akaifungua mikunjo, akaitundika tena kwenye msumari wake: mgongo, mkono, kola. Alipita dirishani akapaza sauti, "Fundi viatu! Mwakani ukitaka kuandikishwa kwenye simu, njoo kwangu!"

"Nije kwako? Si Konokono ndiye mwalimu?"

"Konokono ni mwalimu wangu," wifi akasema. "Wewe utaanzia kwangu, chini."

Vitambaa vililetwa baada ya siku tisa, marobota mawili, na wifi akayanusa kama mkate. Tukakata, tukashona, na yule mwenye mapengo akavaa sare yake ya shingo kumi na moja, ikamkaa sawasawa.

Mjukuu alikuja likizo. Nilimsimulia yote, akacheka, akaona aibu kidogo, na kesho yake akamletea wifi zawadi: futi mpya, ya manjano, nzima, inaanzia kwenye sifuri. Wifi akamshukuru sana, akambusu mkono. Akaitandaza futi mezani, akailaza kando ya ile ya zamani, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu. Kisha akachukua mkasi. Kabla sijafungua mdomo, kacha! Inchi tatu zikadondoka sakafuni.

"Bibi mkubwa!" mjukuu akapiga kelele. "Umeiharibu!"

"Nimeirekebisha," wifi akasema, akaivaa shingoni. "Ilikuwa inadanganya."

Mjukuu akanigeukia, macho yamemtoka, mikono tayari kuinyakua. Nikamshika mkono nikamkalisha. Nikachukua chaki, nikaenda ukutani juu ya meza ya kukatia, nikaandika kwa herufi zangu kubwa, moja moja, bila haraka: KWENYE SIMU, TOA TATU. Nikatafakari kidogo, nikaongeza chini yake: NAMBA YA SIRI, USITOE.